Subira ya mtoto hupimwa pamoja na ahadi ya mkubwa

Kuna video inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi hapa Mwanza. Mtoto wa miaka minne ameketi mezani, mbele yake kuna peremende moja, na ameambiwa kwamba asipoigusa mpaka mkubwa arudi, atapewa ya pili. Wapo wanaoibugia mlango ukifungwa tu, wapo wanaojifunika macho na kuimba. Kisha msimulizi anaingia: waliosubiri walikuja kufaulu na kutajirika, walioshindwa waliishia pabaya. Simulizi hiyo sasa imepanda jukwaani. Nimeisikia kwenye mahafali ya chekechea moja upande wa Nyegezi, ambako mgeni rasmi aliihitimisha kwa kusema kwamba ndiyo maana mvuvi anavua miaka ishirini na nyumba yake bado haina bati: hana akili ya kusubiri. Makofi yakapigwa, wakiwemo wazazi ambao ada za watoto wao zinatoka ziwani. Na wapo walimu ambao wameanza kuwajaribu watoto kwa pipi na kuwapelekea wazazi matokeo, kana kwamba ni majibu ya maabara.

Jaribio lenyewe ni la kweli na lina heshima yake katika sayansi. Tatizo ni somo tulilolichota. Tumechukua akili na kujidhibiti, mambo mawili tofauti, tukayafanya jambo moja. Halafu mzigo wote wa kusubiri tumemtwisha anayesubiri, wakati sehemu kubwa ya uamuzi huo inategemea kama anayeahidi ana kawaida ya kutimiza. Ubongo wa binadamu hausubiri kwa sababu ni mzuri tu. Husubiri pale uzoefu ulipouonyesha kwamba kusubiri kunalipa. Tukilikosa hilo tutawahukumu watoto wa miaka minne kwa makosa yetu, na tutaendelea kuwasimanga wavuvi badala ya kuwasaidia.

Tuanze na ubongo. Nyuma ya paji la uso ndipo ilipo sehemu inayosimamia mipango, inayouzuia mkono usitangulie wakati wake, na inayoshikilia lengo la mbali wakati la karibu linavuta. Umuhimu wake ulianza kujadiliwa baada ya ajali ya Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli kule Vermont, Marekani. Septemba 1848 baruti ililipuka kabla ya wakati na kurusha chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja. Kikaingilia chini ya shavu lake la kushoto na kutokea utosini. Hakufa. Aliongea, alitembea, aliwatambua watu. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu aliyekuwa makini na mwenye mipango aligeuka kuwa mwenye matusi, asiyeweza kushikilia uamuzi wake mwenyewe. Kinachosimuliwa mara chache ni kilichofuata. Miaka michache baadaye Gage alikuwa Chile akiendesha magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi, kazi yenye ratiba, njia ileile na majukumu yaleyale kila siku, na aliifanya kwa miaka kadhaa kabla ya kufariki mwaka 1860. Wapo watafiti wanaoamini kwamba utaratibu ule ulimrudishia sehemu ya alichopoteza. Mimi nakubaliana nao, na naona sehemu hii ya pili ya maisha yake ina uzito kuliko ile ya kwanza inayopendwa na wasimulizi.

Sehemu hiyo ya ubongo haina kazi moja. Mwaka 2000 Akira Miyake na wenzake walichapisha utafiti uliotenganisha uwezo wa aina tatu: kujizuia, kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine bila kukwama, na kushikilia taarifa kichwani huku ukizirekebisha kadiri mambo yanavyobadilika. Kondakta wa daladala anayekumbuka nani kalipa, nani anadai chenji na nani anashuka Buzuruga, huku abiria wapya wakipanda, anautumia uwezo huo wa tatu kila dakika. Mwaka 2006 Naomi Friedman na kundi hilo waliulinganisha uwezo wa kila aina na vipimo vya akili. Ule wa tatu ulihusiana navyo sana. Kujizuia na kuhama vilihusiana navyo kidogo mno. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa mwepesi wa hesabu na pipi ikamshinda, na mwingine akatulia kama maji mtungini huku hesabu zikimpiga chenga. Mwalimu anayemwandikia mzazi kwamba mtoto wake “uwezo wa akili ni wa kati” kwa sababu alikula pipi mapema anaandika jambo ambalo jaribio hilo halikuwahi kulipima.

Sasa turudi kwenye peremende. Mwanasaikolojia Walter Mischel ndiye aliyefanya majaribio hayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 katika chekechea iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Stanford, kwa hiyo wengi wa watoto wale walikuwa wa wahadhiri na wanafunzi wa chuo. Swali lake la kwanza halikuwa nani atatajirika. Alitaka kujua mtoto anasubirije, na alichokigundua kina faida kubwa kwa mwalimu yeyote: peremende ikifunikwa, au mtoto akifundishwa kuiwazia kama wingu, anasubiri kwa muda mrefu zaidi. Mbinu inafundishika. Habari za kufaulu maishani zilikuja baadaye, watoto walipofuatiliwa wakiwa wakubwa na matokeo kuchapishwa mwaka 1990, tena kwa idadi ndogo ya watu. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia hesabu hiyo kwa watoto zaidi ya 900 wa familia za hali mbalimbali. Uhusiano kati ya kusubiri na kufaulu shuleni ulikuwepo, lakini ulikuwa kama nusu ya ule wa zamani, na walipozingatia hali ya familia, malezi ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa awali, ukapungua kwa theluthi mbili. Video ya WhatsApp imesimama mwaka 1990.

Utafiti ninaoutaka kila mzazi aujue ni wa mwaka 2013, wa Celeste Kidd na wenzake huko Rochester, Marekani. Kabla ya peremende, watoto 28 walipewa kazi ya kuchora. Mkubwa aliwaambia wakisubiri atawaletea vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu yao aliwaletea kweli. Nusu nyingine alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba vimekwisha. Na hilo likatokea mara mbili. Ndipo peremende ikaletwa. Watoto waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa walisubiri dakika 3. Tisa kati ya 14 wa kundi la kwanza walifika mwisho wa dakika 15. Wa kundi la pili alifika mmoja tu. Watoto hawa waligawanywa bila kuchaguliwa, kwa hiyo huwezi kusema hawa walizaliwa na subira na wale hawakuzaliwa nayo. Kilichowatofautisha ni muda mfupi wa kushughulika na mkubwa mwaminifu au asiye mwaminifu. Mtoto aliyekula peremende mapema baada ya kudanganywa mara mbili alikuwa anafikiri vizuri sana.

Na kwa wanaodhani kwamba subira ni mali ya watoto wa Ulaya waliolelewa kwa vitabu vya picha: mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa miaka minne wa familia za wakulima Wanso wa Kameruni na wa familia za mjini Ujerumani. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Kameruni walisubiri mpaka mwisho, wengine wakasinzia kitini. Wa Ujerumani hawakufika asilimia 30. Yule mgeni rasmi angeyatazama matokeo hayo angelazimika kuibadili hotuba yake yote.

Hebu tumtazame huyo mvuvi kwa karibu. Mvuvi wa dagaa hutoka jua likizama. Giza likikolea huziwasha taa zake na kuziacha zielee, zikiwavuta dagaa kidogo kidogo, na kazi yake kubwa kwa saa nyingi ni kutofanya kitu: kutouvuta wavu mapema kundi lisije likatawanyika, kusoma upepo, kukadiria mafuta ya injini yatakayomrudisha, kukumbuka mitumbwi mingine iko wapi. Mbalamwezi ikiwa kubwa haendi kabisa, kwa sababu taa haishindani na mwezi, na anajua siku hizo ataishi kwa alichobakiza. Uwezo wa aina zote tatu alizozitenganisha Miyake umo ndani ya mtumbwi mmoja. Sasa huyuhuyu akishuka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa, na hela mkononi, zikaisha kabla mbalamwezi haijaisha, ndipo tunaambiwa sehemu yake ya mbele ya ubongo ni dhaifu. Ubongo haukubadilika kati ya alfajiri na mchana. Kilichobadilika ni kwamba ziwani anajua kusubiri kutaleta nini, na nchi kavu hajui. Kwenye visiwa vya mbali hela ya mfukoni inaweza kuibwa usiku huohuo. Mgao unategemea hesabu za tajiri mwenye mtumbwi, na tajiri anamdai. Ndugu wakisikia ana hela wana haki ya kuomba, naye hana haki ya kukataa. Na mita chache kutoka mahali anapolipwa zimepangwa mashine za bonanza na banda la kubeti. Simu zimepunguza tatizo la kuibiwa, lakini hazijaugusa mgao wala deni.

Hili la mazingira si maneno ya huruma. Magharibi mwa Kenya, katika ukanda huuhuu wetu wa ziwa, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwagawia watu kisanduku cha chuma chenye kufuli wajiwekee akiba ya mahitaji ya afya. Kwa maneno yetu ni kibubu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 yalionyesha kwamba kuwa na mahali salama pa kuweka hela kuliongeza akiba hiyo kwa asilimia 66. Hakuna aliyefundishwa subira, hakuna aliyepimwa akili. Kufuli ilimpa mtu sababu ya kumwambia shemeji kwamba hela hii ina kazi yake.

Mfano mzito zaidi uko majini. Sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, na ina mantiki: wengi wa ukubwa huo hawajazaa, na samaki huyo akiachwa atarudi akiwa na uzito mara kadhaa. Ni jaribio lilelile la peremende, ila peremende hii haiko mezani kwa mtu mmoja. Ukimwacha sangara mdogo leo, kokoro la jirani litampitia kesho, ama upande wetu ama upande wa Uganda au Kenya. Mvuvi anayemchukua hajashindwa kujizuia; amepiga hesabu ya nani atafaidi subira yake, akakuta si yeye. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilichoma nyavu haramu nyingi, nami sipingi sheria kusimamiwa. Lakini kuchoma wavu wa anayekosea hakumhakikishii anayetii kwamba samaki aliyemwacha atamkuta. Hakikisho hilo linatoka kwa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi, zinazoaminika mwaloni, zenye viongozi ambao mvuvi anawajua na anaweza kuwawajibisha, na kwa doria isiyolegea msimu wa uchaguzi na kukaza baada yake.

Zipo hoja nzito dhidi yangu, na nzito kuliko zote inatoka Dunedin, New Zealand. Huko watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa maisha yao yote. Mwaka 2011 Terrie Moffitt na wenzake walionyesha kwamba waliokuwa na uwezo mdogo wa kujidhibiti utotoni, walipofika miaka 32 walikuwa na afya mbaya zaidi, matatizo zaidi ya fedha, na makosa zaidi ya jinai. Hilo lilibaki kweli hata baada ya kuzingatia akili zao na kipato cha wazazi. Nalikubali bila kigugumizi: watu hutofautiana katika kujidhibiti, na tofauti hiyo ina gharama. Anayesema ni umaskini tu anakosea. Lakini utazame utafiti ulivyopima. Hawakuweka pipi mezani mara moja. Walikusanya maoni ya wazazi, walimu, watafiti na watoto wenyewe kwa miaka mingi, tangu umri wa miaka mitatu hadi 11. Na walikuta kwamba waliojenga uwezo huo walipokua walifika pazuri kuliko utoto wao ulivyotabiri. Uzito wa kujidhibiti ndio unaotupa sababu ya kuuliza unajengwaje, na hapo ndipo hoja dhaifu kuliko zote inapojitokeza.

Hoja hiyo ni ya fimbo. Samaki mkunje angali mbichi, tunaambiwa. Mtoto akichapwa atajifunza kujizuia. Kanuni zetu bado zinaruhusu viboko shuleni, visivyozidi vinne na kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kila mzazi anajua jinsi idadi hiyo isivyoheshimiwa. Watetezi wa fimbo wanaweza hata kuyatumia matokeo ya Kameruni: si mmeona malezi ya utii yanavyofanya kazi? Lakini utii wa mtoto wa Kinso ulitokana na kuishi katikati ya wakubwa wanaotabirika, ambao akiwasikiliza anapata kilichoahidiwa. Fimbo ni jambo jingine. Mwaka 2011 Victoria Talwar, Stephanie Carlson na Kang Lee walichapisha utafiti wa shule mbili binafsi za Afrika Magharibi zenye watoto wa familia za hali inayofanana, moja ikichapa na nyingine haichapi. Kwa watoto wa chekechea fimbo haikuonyesha madhara. Kwa wa darasa la kwanza, waliokuwa kwenye shule ya viboko walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kujidhibiti. Shule mbili ni chache, nalisema wazi. Hata hivyo matokeo yanaendana na akili ya kawaida: mtoto anayetulia kwa sababu fimbo iko juu ya meza anadhibitiwa na fimbo. Ikitoka chumbani, hana alichojifunza. Sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kukomaa mpaka mtu avuke miaka 20, na hukomaa kwa kutumiwa. Tukimfanyia mtoto kazi hiyo kwa hofu, tunamnyima mazoezi.

Kuna na mambo ya mwili ambayo hayatajwi kwenye hotuba. Malaria kali inayopanda kichwani huacha alama: watoto waliofuatiliwa Kampala baada ya ugonjwa huo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika umakini, kumbukumbu au kujifunza miaka miwili baadaye, idadi kubwa kuliko ya wenzao ambao hawakuugua. Kanda yetu inaijua malaria. Chandarua kwa maana hiyo ni sehemu ya malezi ya nidhamu. Na usingizi! Saa kumi na moja alfajiri, pita barabara ya Buhongwa au Igoma uone watoto wa miaka mitano wamesimama kando ya lami na mabegi yanayowazidi, wakisubiri gari la shule litakalozunguka mtaa kwa mtaa kabla ya kufika. Jioni wanarudi na kazi za nyumbani za kurasa kadhaa. Sehemu ya ubongo inayozuia na kupanga ni miongoni mwa zinazoathirika mapema usingizi unapopungua. Inaniuma kwamba shule zinazojitangaza kwa nidhamu ndizo mara nyingi zinazomwamsha mtoto usiku, kisha zinamwandika mtukutu akishindwa kutulia saa nane mchana.

Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi, kabla ya kupokea karatasi yenye matokeo ya pipi, yapo mambo ya kudai. Jaribio hilo liondolewe kabisa kwenye ripoti za watoto, kwa sababu halikubuniwa kumpima mtoto mmoja mmoja, na alama anayopewa mtoto wa miaka minne hubaki kichwani mwa mzazi muda mrefu. Gari la shule libadilishe mzunguko, au shule ichelewe kuanza kwa watoto wa awali. Mwalimu aliyeahidi kwamba Ijumaa watacheza mpira awatoe uwanjani Ijumaa, hata kama silabasi imebaki nyuma, na asipoweza awaeleze sababu na kutaja siku nyingine atakayoitimiza. Nasi nyumbani tuache ile tabia ya kumwambia mtoto “nikirudi nitakuletea” ili tu atuachie tutoke mlangoni.